Usikose Siku ya Mahakama: Mwongozo kwa Waomba Hifadhi na Jamaa Zao wa Nakuru

Mtu anaweza kuwa na makovu mwilini, barua za hospitali, ripoti ya polisi na mashahidi wa kumtosha, na bado akapoteza kesi yake ya hifadhi asubuhi moja tu kwa sababu jina lake liliitwa na hakuna aliyeitika. Siku hiyo hakuna anayeuliza kama alichomewa nyumba Kuresoi au kama maisha yake yangekuwa hatarini akirudi. Jaji anauliza mambo mawili: je, aliitwa? Je, amefika? Majibu yakiwa ndiyo na hapana, faili linafungwa kwa amri ya kumfukuza.

Watu wa Nakuru wanaguswa na jambo hili kwa njia mbili. Kuna wana wa Molo, Njoro, Subukia na Naivasha walioomba hifadhi Marekani. Madai ya baadhi yao yanaanzia kwenye vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini, zikafika Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008 na kuujaza mahema Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Wengine waliondoka baadaye, kwa sababu zao. Kisha kuna wageni walio kwetu. Barabara ya kutoka Kakuma kwenda Nairobi inapita Lodwar, Kitale, Eldoret na Nakuru, na mkimbizi anayekamatwa njiani bila kibali huweza kujikuta kizimbani katika mji asioujua.

Mwongozo huu unaanza na Marekani, kwa kuwa huko adhabu ya kukosa kikao ni kali na jamaa walioko nyumbani hawaelezwi habari zake hadi maji yamemwagika. Kisha unarudi kwenye mahakama zetu. Hauchukui nafasi ya wakili, ila unaweza kumsaidia mtu afike kwa wakili kabla ya kuchelewa.

Kinachotokea mtu asipofika

Mahakama za uhamiaji za Marekani hazifanani na Idara ya Mahakama tuliyoizoea Kenya. Ziko chini ya Wizara ya Haki, katika ofisi inayojulikana kwa herufi EOIR, na majaji wake ni waajiriwa wa wizara hiyo. Kesi zilizorundikana humo zimepita milioni 3. Ndiyo maana mtu hupewa tarehe ya miaka miwili au mitatu mbele, akaanza kazi, akahama nyumba mara kadhaa, na kesi ikamtoka akilini. Tarehe hiyo nayo huweza kusogezwa mbele au kurudishwa nyuma bila yeye kuulizwa.

Siku ikifika, sheria inamfunga jaji. Wakili wa serikali akithibitisha kwamba notisi ya maandishi ilitolewa, na kwamba mhusika hana haki ya kuwa nchini, jaji hana budi kutoa amri ya kufukuzwa bila mwenyewe kuwapo. Haijalishi kama kikao kilikuwa cha kutaja kesi tu au cha kusikiliza ushahidi. Wengi hupotelea hapa: wanadhani kikao cha kwanza, cha dakika tano, ni cha kujiandikisha tu, na kwamba kile cha maana ni cha baadaye. Vyote viwili vina uzito uleule.

Amri hiyo huja na mizigo yake. Ombi la hifadhi huhesabiwa kuwa limeachwa, na kibali cha kazi kilichotegemea ombi hilo hukosa msingi. Kwa miaka 10 mtu hufungiwa milango kadhaa ambayo ingeweza kumwokoa baadaye: hawezi kubadilishiwa hadhi akiwa ndani ya nchi, hata akioa au kuolewa na raia, hawezi kuomba kufutiwa amri kwa sababu ya kuishi huko muda mrefu, hawezi kuomba ruhusa ya kuondoka kwa hiari. Adhabu hiyo ya miaka 10 inahitaji awe alionywa kwa mdomo, katika lugha anayoielewa, kuhusu madhara ya kutofika. Kama hakuonywa, au alionywa kwa lugha isiyo yake, wakili mzuri atalishika jambo hilo. Tena anayekosa kikao bila sababu ya maana na baadaye akaondoka nchini, huweza kuzuiwa kuingia tena kwa miaka 5.

Tangu tarehe 4 Julai 2025 pesa zimeongezwa juu ya hayo. Sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini siku hiyo iliweka ada ya kuanzia dola 5,000 kwa mtu aliyeamriwa kufukuzwa bila kuwapo mahakamani, kisha akakamatwa na maafisa wa uhamiaji. Ada hiyo haitozwi kama amri yenyewe imefutwa. Sheria hiyohiyo iliweka ada ya dola 100 ya kuwasilisha ombi la hifadhi na nyingine ya dola 100 kwa kila mwaka ombi likiwa bado linasubiri.

Kuna hasara nyingine ambayo Nakuru inaijua vizuri. Mtu akikamatwa na kuwekwa kizuizini, huweza kutolewa kwa dhamana, na dhamana ya uhamiaji haipungui dola 1,500. Mara nyingi ni zaidi ya hapo. Pesa hizo hutoka kwa binamu mwenye karatasi, au kwa mchango uliopitishwa kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyewekewa dhamana asipofika, pesa hupotea, na anayezidai ni jamaa, sio serikali.

Barua ndiyo inayoua

Wasomi wawili, Ingrid Eagly na Steven Shafer, walichunguza rekodi za mahakama hizi za miaka 2008 hadi 2018. Waligundua kwamba asilimia 83 ya watu wasio kizuizini walihudhuria vikao vyao vyote. Kwa wenye mawakili, idadi ilifika asilimia 96. Basi picha ya mwomba hifadhi anayehepa mahakama ni picha ya uongo. Walio wengi hufika, na katika wale wasiofika wamo ambao barua haikuwafikia kabisa.

Fikiria jinsi mgeni kutoka kwetu anavyoishi miezi yake ya mwanzo. Anafikia kwa mwenyeji, pengine Dallas au Minneapolis, katika nyumba ambayo jina lake halimo kwenye mkataba wala kwenye sanduku la barua. Baada ya miezi mitatu anahamia kwa rafiki aliye karibu na kazi. Kisha anahama tena. Nyumbani Kenya tumezoea sanduku la posta ambalo familia nzima hulitumia miaka 20, hata mwenyewe akihama mtaa. Marekani barua hufuata nyumba, na namba ya chumba ikikosekana barua hurudi ilikotoka. Mahakama haihitaji kuthibitisha kwamba ulifungua bahasha na kuisoma. Inatosha kwamba ilitumwa kwenye anwani uliyoitoa wewe mwenyewe. Na kama hukutoa anwani yoyote, au hukuibadilisha ulipohama, sheria inasema notisi haihitajiki.

Kwa hiyo, aliyehama ana siku 5 za kazi za kuijulisha mahakama kwa fomu iitwayo EOIR-33. Fomu hiyo ni bure, inajazwa mtandaoni au kwa karatasi, na nakala yake hupelekwa kwa mawakili wa serikali. Makosa yanayojirudia ni haya: mtu anawaambia watu wa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, kwa fomu yao ya AR-11, au anamwambia ofisa wa ICE, idara inayokamata wahamiaji, ambaye huripoti kwake, au anaandikisha uhamisho posta, akaamini kwamba serikali ni moja na habari zitafika. Hazifiki. Kila ofisi ina faili lake, na mahakama inasikiliza fomu yake tu. Vilevile kuripoti kwa ICE kila mwezi hakuhesabiwi kuwa ni kuhudhuria mahakama.

Mwambie jamaa yako aandike jina lake kwenye sanduku la barua la nyumba anamoishi, hata kama ni kwa kalamu na kipande cha gundi. Na asisubiri barua. Kila aliye na kesi ana namba inayoanza na herufi A, yenye tarakimu 8 au 9. Namba hiyo ikiingizwa kwenye ukurasa wa EOIR wa kufuatilia kesi, au kwenye simu ya mahakama ya 1-800-898-7180, inaonyesha tarehe ya kikao kijacho na kama kuna amri iliyokwisha kutolewa. Awe anaitazama kila wiki. Naye mtu mmoja wa kuaminika nyumbani, mama au ndugu, awe na namba hiyo imeandikwa mahali pa siri, kwa sababu siku kijana atakapokamatwa simu yake itachukuliwa na huenda asiikumbuke. Isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Kesi ya hifadhi ni siri, na huenda anayemkimbia ana binamu humohumo kwenye kundi.

Waliotumaini kuponea kwenye dosari za notisi nao wafahamu kwamba mlango huo umebanwa. Kwa miaka mingi serikali ilitoa hati za mashtaka zisizo na tarehe wala saa, ikituma tarehe baadaye kwa barua ya pili. Tarehe 14 Juni 2024, katika kesi ya Campos-Chaves dhidi ya Garland, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba aliyepata ile barua ya pili hawezi kufutiwa amri kwa hoja kwamba hati ya kwanza ilikuwa pungufu. Uamuzi huo ni mgumu kwa mtu wa kawaida. Ila ndio sheria ilivyo, na kuishi kwa tumaini la kizamani ni kujiumiza.

Tarehe na saa

Hili linaonekana dogo na limewaponza watu. Wamarekani hutanguliza mwezi. Notisi ikiandika 04/09, mtu wa Nakuru anasoma tarehe 4 Septemba, kumbe ni tarehe 9 Aprili. Anayeisoma kwa jicho la Kenya atafika karibu miezi mitano baada ya kufukuzwa.

Saa nazo zina mtego wake. Notisi inayosema 8:30 a.m. ni saa mbili na nusu asubuhi. Mama akiisoma picha ya barua kwenye simu na kumwambia mwanawe "uko mahakamani saa nane na nusu", amempeleka mchana. Kubalianeni mtaje saa kwa mtindo mmoja tu, na mseme asubuhi au mchana. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Dallas iko nyuma ya Nakuru kwa saa 8. Miezi mingine ni saa 9. Nakuru ikiwa saa nane mchana katika miezi hiyo ya mwanzo, huko ni saa kumi na mbili asubuhi: wakati mwema wa kupiga simu na kumwamsha mtu mwenye kikao. Jamaa wengi wamemwombea mtu kesi yake ishinde. Kumwamsha siku yenyewe ni sehemu ya maombi hayo.

Foleni ya magari si sababu. Mwaka 1997, katika uamuzi unaojulikana kama Matter of S-A-, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilimkatalia mtu aliyesema alicheleweshwa na msongamano barabarani. Mwaka 1998, katika Matter of J-P-, ilimkatalia aliyesema kichwa kilimuuma sana: hakuwa na barua ya daktari, hakuwa na kiapo cha aliyemwona akiumwa, wala hakupiga simu mahakamani siku ile. Somo lake liko wazi. Anayeugua apige simu mahakamani asubuhi hiyohiyo, aende kwa daktari siku hiyohiyo, na atunze karatasi. Aliyechelewa aingie tu, ajitambulishe kwa karani, aombe kuonana na jaji angali yupo.

Kuwasilisha ombi la kuahirisha au la kuhamisha kesi hadi jimbo jingine hakumwondolei mtu wajibu wa kufika. Mpaka jaji aseme "nimekubali" kwa maandishi, kikao kipo palepale. Kijana aliyetoka Texas kwenda Massachusetts kufuata kazi, akatuma ombi la kuhamisha kesi na kutulia, anaweza kuamriwa kufukuzwa na mahakama ya Texas huku ombi lake likiwa mezani.

Hofu ya kukamatwa mlangoni

Mwaka 2025 ulileta hofu mpya, na haifai kuibeza. Tangu Mei mwaka huo maafisa wa ICE wamekuwa wakiwakamata watu kwenye korido za mahakama za uhamiaji, mara nyingine dakika chache baada ya wakili wa serikali kumwomba jaji aifute kesi, ili mtu aingizwe kwenye utaratibu wa kufukuzwa haraka bila jaji. Habari hizo zilifika Nakuru kwa video, na ushauri ulioanza kuzunguka ni kwamba afadhali mtu asiende.

Ushauri huo ni mbaya. Anayekwenda ana hatari ya kukamatwa akiwa na kesi hai. Asiyekwenda ana uhakika wa amri ya kufukuzwa, na atatafutwa akiwa na kesi iliyokufa. Kati ya hayo mawili, mtu anayeogopa kurejeshwa hana sababu ya kuchagua la pili.

Kuna namna ya kupunguza hatari. Mahakama nyingi huruhusu kuhudhuria kwa video ya Webex. Ombi huandikwa na kuwasilishwa mapema, na kama halijajibiwa, mtu afike mwenyewe. Awe na wakili, au angalau mtu wa kumsindikiza anayejua namba ya A na simu ya wakili. Awe amemwachia mtu mipango ya watoto. Wakili wa serikali akiomba kesi ifutwe, asifurahi wala asiseme ndiyo kwa sababu neno "kufutwa" linasikika tamu. Aseme kwamba anapinga, anataka ombi lake la hifadhi lisikilizwe, na anaomba muda wa kujibu kwa maandishi. Na akishikwa, aseme wazi kwamba anaogopa kurudishwa nyumbani. Maneno hayo yana nguvu kisheria, hata katika ule utaratibu wa haraka.

Mkalimani ni bure katika chumba cha mahakama, naye mhusika ana haki ya kutaja lugha anayoimudu vizuri. Mtu wa Kuresoi anayesimulia kifo cha baba yake kwa Kiingereza cha shule atapoteza mengi. Aombe Kiswahili, Gikuyu, au lugha ya nyumbani kwao, na aombe mapema. Wakili hatolewi na serikali, lakini mahakama hutoa orodha ya mashirika yanayosaidia bila malipo, na huko ndiko pa kuanzia kabla ya kumpa pesa mtu anayejiita mtaalamu wa makaratasi.

Msiba unapotokea nyumbani

Hapa ndipo familia zetu zinaweza kumponza mtu kwa upendo. Baba anafariki katika hospitali kuu ya Nakuru, ukoo unakaa, na kifungua mimba yuko Marekani na kesi ya hifadhi. Wazee wanasema lazima aje kumzika baba yake. Wanamchangia nauli.

Anayetoka Marekani akiwa na ombi la hifadhi, bila kibali maalumu cha kusafiri, huhesabiwa ameliacha ombi hilo. Na aliye katika kesi ya kufukuzwa akiondoka, kikao kikafika hayupo, amri hutolewa akiwa Nakuru matangani. Aliyekwisha kutolewa amri, akijiondoa mwenyewe, huwa ameitekeleza amri kwa miguu yake, na kwa kawaida atazuiwa kurudi kwa miaka 10. Zaidi ya hayo, kurudi katika nchi aliyoapa kwamba itamuua kunampa jaji swali ambalo hata wakili hodari hulijibu kwa shida. Wazee waelezwe haya mapema, kabla ya kikao cha kwanza cha matanga. Kijana anayezika kwa video hakumdharau baba yake.

Kwa upande mwingine, sheria ya Marekani inautambua msiba. Ugonjwa mahututi au kifo cha mume, mke, mtoto au mzazi ni miongoni mwa sababu za kipekee zinazoweza kufuta amri iliyotolewa mtu akiwa hayupo. Vivyo hivyo ugonjwa mahututi wa mhusika mwenyewe, au ukatili aliotendewa yeye, mtoto wake au mzazi wake. Nyanya aliyemlea mtu na shangazi aliyemsomesha hawamo kwenye maneno hayo ya sheria. Wakili anaweza kujenga hoja kwamba orodha hiyo ni ya mifano, lakini asiende akidhani kila kilio kinatosha.

Amri ikishatolewa

Aliyekosa kikao asijifiche. Na asikimbilie rufaa moja kwa moja, kwa kuwa njia inayotakiwa ni kumrudia jaji yuleyule kwa ombi la kufungua kesi upya. Ombi la sababu za kipekee lina siku 180, zinazohesabiwa tangu tarehe ya amri. Lile la kwamba notisi haikumfikia, au kwamba siku ya kikao alikuwa mikononi mwa polisi au jela na hakukosa kwa hiari yake, halina mwisho wa muda. Sheria ya 2025 iliweka ada ya kuanzia dola 900 kwa maombi ya kufungua kesi, lakini ombi la kukosa notisi limesamehewa. Mara ombi la kufuta amri ya aina hii linapowasilishwa, kufukuzwa husimama hadi jaji aamue. Nafasi ni moja tu, hivyo ombi lisiandikwe kwa pupa na mtu asiyejua kazi. Katika uchunguzi wa Eagly na Shafer, asilimia 15 ya walioamriwa kufukuzwa wasipokuwapo walifanikiwa kufunguliwa kesi.

Nakuru ina kazi ya kufanya katika siku hizo. Cheti cha kifo, kibali cha mazishi, na barua ya daktari yenye tarehe za kulazwa vinapatikana hapa, sio Dallas. Viapo vya mama na ndugu huandikwa kwa wakili na kuapwa mbele ya kamishna wa viapo, navyo viseme mambo ambayo mwapaji aliyaona: siku gani alipiga simu, nani aliugua, nani aliyejibu. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili au Gikuyu ipelekwe pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Kama kosa lilikuwa la wakili aliyetaja tarehe isiyo sahihi, uamuzi wa 1988 uitwao Matter of Lozada unadai mambo matatu: kiapo cha mteja, barua ya kumpa wakili yule nafasi ya kujibu, na malalamiko kwa chombo cha nidhamu cha mawakili au maelezo ya kwa nini hayakupelekwa.

Na aliye kizimbani Nakuru

Kenya haina mahakama ya uhamiaji. Anayeomba hifadhi huenda kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, ambayo inamtaka ajitokeze ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwa Kamati ya Rufaa, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Usaili wa idara hiyo nao ni kikao. Asiyefika wala kueleza huweza kufungiwa faili, na bila faili hana karatasi ya kumwonyesha polisi.

Ndipo mahakama ya hakimu inapoingia, iwe Nakuru, Naivasha au Molo. Kuwa nchini kinyume cha sheria, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kuna faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 na ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo. Asiyejua Kiswahili wala Kiingereza asiitikie shtaka kwa kutikisa kichwa. Kukubali kosa kwa kutoelewa kumewafunga watu waliokuwa na haki ya kulindwa. Aseme neno "mkimbizi" na aonyeshe karatasi yoyote aliyo nayo.

Akiachiliwa kwa dhamana kisha asifike, hakimu hutoa hati ya kumkamata. Pesa taslimu zilizowekwa huweza kutwaliwa na serikali, na mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe. Mara nyingi mdhamini huyo ni mwenye nyumba, mchungaji, au mwenyeji mwenye hati ya shamba. Atakapopatikana mshtakiwa, ni vigumu apewe dhamana tena. Dawa yake ni kujipeleka mapema, ikiwezekana pamoja na wakili, na kuomba hati ya kukamatwa iondolewe, akiwa na ushahidi wa kilichomzuia. Hakimu humsikiliza tofauti mtu aliyejileta na mtu aliyeletwa na pingu.

Msaada upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi na wasio na uraia wa nchi yoyote miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Refugee Consortium of Kenya na Kituo Cha Sheria wamewatetea wakimbizi kwa miaka mingi. Ni Kituo Cha Sheria waliokwenda Mahakama Kuu kupinga agizo la serikali la Desemba 2012 la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akalifuta.

Kwa hiyo wewe uliye na ndugu Marekani, mpigie leo. Muulize namba yake ya A, anwani iliyo kwenye faili la mahakama, na tarehe yake ijayo, mwezi ukitangulia. Nawe uliyemwekea mgeni dhamana hapa Nakuru, mjue anakolala, na siku ya kesi yake mpitie nyumbani mwende mahakamani pamoja.